BUNDUKI YA RANGI NAYO INA SHERIA ZAKE

Askari anapoanza kufundishwa silaha, jambo la kwanza analoambiwa ni kwamba kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi mpaka athibitishe mwenyewe kuwa ni tupu. Katika karakana za magari imo bunduki nyingine, isiyotoa risasi bali rangi, nayo yastahili heshima hiyo hiyo. Hiyo ndiyo bunduki ya kupulizia rangi kwa nguvu za umeme tuli. Umeme wake huweza kufikia volti 30,000 hadi 100,000. Tangu rangi za maji zilipoanza kushika nafasi ya rangi za viyeyusho, bunduki hii imehitaji uangalifu wa namna nyingine kabisa.

Ufundi huu si mpya. Ulienezwa viwandani Marekani katika miaka ya 1940 na kampuni ya Ransburg ya mji wa Indianapolis. Msingi wake ni mwepesi kueleweka. Rangi itokapo mdomoni mwa bunduki hutiwa chaji ya umeme, na gari au kifaa kinachopakwa huunganishwa na ardhi kwa waya. Matone ya rangi huvutwa na chuma, hata yale yaliyokuwa yakipita pembeni hugeuka yakashika upande wa nyuma. Kwa njia hiyo rangi nyingi ambayo ingepotea hewani huokolewa, na mapafu ya fundi hupata nafuu.

Majeshi nayo yana sababu yake ya kuzitazama rangi za maji. Katika miaka ya 1980 jeshi la Marekani lilianza kuyapaka magari yake rangi maalumu isiyofyonza sumu za vita, ili yaweze kuoshwa na kurudishwa kazini. Rangi ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa na viyeyusho vingi vyenye madhara. Baadaye ikatengenezwa aina inayochanganywa na maji. Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba kigumishi cha rangi hiyo bado kina isosianeti, kemikali iwezayo kumletea mtu pumu ya maisha. Kwa hiyo neno "maji" lisimfanye fundi avue kifaa chake cha kupumulia.

Sasa tuingie katika kiini cha hatari yenyewe. Rangi nyingi za viyeyusho hupitisha umeme kwa shida. Chaji hubaki karibu na mdomo wa bunduki. Rangi ya maji, kinyume chake, hupitisha umeme vizuri. Chaji hurudi nyuma kupitia rangi iliyomo ndani ya mpira, ikafika kwenye pampu na kwenye pipa. Ikiwa pipa limekaa sakafuni, umeme wote hupotelea ardhini na bunduki huwa kama bomba la kawaida. Ikiwa pipa limetengwa na ardhi, bunduki hufanya kazi, lakini pipa, pampu na rangi yote huwa vimebeba volti zile zile zilizomo mdomoni mwa bunduki.

Hapo ndipo penye mtego. Fundi aliyezoea rangi ya mafuta huona bunduki yake haivuti tena, naye kwa werevu wa kikambi akashawishika kulipandisha pipa juu ya mbao au gurudumu kuukuu. Kweli, bunduki itavuta. Lakini atakuwa ametengeneza ghala la umeme lililo wazi katikati ya karakana, na mwenzake apitaye na ndoo ndiye atakayelizima kwa mwili wake.

Tupige hesabu ya mfano. Pipa na vifaa vyake vyenye uwezo wa kuhifadhi chaji wa pikofaradi 200, vikiwa na volti 60,000, hubeba jouli 0.36. Mvuke wa viyeyusho vingi huwashwa na cheche ya robo ya milijouli tu. Maana yake ni kwamba cheche moja ya pipa hilo ina nguvu zaidi ya mara elfu ya ile inayotosha kuanzisha moto. Mtu naye hupata pigo kali, na aliye juu ya ngazi aweza kuanguka na kuvunjika.

Njia zilizokubaliwa ni tatu. Ya kwanza ni kulitenga pipa na pampu juu ya stendi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ndani ya uzio wenye swichi inayokata umeme mkubwa mara mlango ufunguliwapo na kuitoa chaji ardhini. Ya pili ni kutumia kifaa kinachoukata mfululizo wa rangi kati ya pipa na bunduki, ili pipa libaki ardhini bila umeme. Ya tatu ni bunduki ambayo ncha zake za umeme ziko nje ya rangi, zikiyachaji matone yakiwa tayari hewani. Hakuna njia ya nne ya kubuni kambini.

Zaidi ya hayo, fundi hana budi kushika kanuni zifuatazo:

Kwanza, kila chuma kilichomo katika eneo la kazi kiunganishwe na ardhi, isipokuwa vile vilivyotengwa makusudi ndani ya uzio. Ukinzani wa kifaa kinachopakwa usizidi megaomu moja, nao upimwe kwa mita ya volti kubwa, si kukisiwa kwa macho. Ndoano za kuning'inizia zikwanguliwe mara kwa mara, kwani rangi iliyoganda hukata njia ya umeme.

Pili, fundi mwenyewe awe ameungana na ardhi. Avae viatu vinavyopitisha umeme, ashike mpini kwa kiganja kitupu au kwa glavu zinazopitisha umeme, na aondoe funguo, sarafu na saa. Mtu aliyetengwa na ardhi, akichajiwa volti 10,000, hubeba nguvu ya kutosha kuwasha mvuke.

Tatu, kabla ya kugusa pipa, pampu au mdomo wa bunduki, aachilie kifyatulio, azime umeme mkubwa, angoje muda ulioandikwa katika kitabu cha mtengenezaji, kisha aligusishe pipa fimbo ya kutolea chaji iliyounganishwa na ardhi. Utaratibu huu ufuatwe hata kwa kazi ya nusu dakika.

Nne, mfumo uliotengwa kwa rangi ya maji usitiwe kamwe rangi au kisafishio kinachoshika moto. Wengi hutumia tina kusafishia kwa mazoea. Hapa mazoea hayo ni kiberiti.

Tano, mpira wa rangi ukaguliwe kila siku. Tundu dogo kama la sindano hutosha kuvujisha umeme na kuunguza mpira wenyewe. Feni za kutoa hewa ziwe zinazunguka kabla ya kazi kuanza, na mwenye kifaa cha kuendeshea moyo asikaribie kabisa.

Wajibu huu si wa fundi peke yake. Mkuu wa karakana anayetaka magari kumi yawe tayari kabla ya gwaride, huku swichi ya uzio imefungwa kwa waya ili kazi iende mbio, ndiye aliyeitoa amri ya ajali. Haraka haraka haina baraka. Gari lililochelewa kupakwa litapakwa kesho. Askari aliyeungua mikono hatarudi kwenye mstari kwa amri ya mtu yeyote.