Je, Wajua? Siri ya Nasaba katika Scaramouche

Je, wajua kwamba filamu mashuhuri ya Scaramouche, iliyotolewa Marekani mwaka 1952 chini ya uongozi wa George Sidney, ilitokana na riwaya ya mwaka 1921 ya Rafael Sabatini, mzaliwa wa Italia aliyeandika kwa Kiingereza, lakini ikaibadili siri yake kuu? Katika riwaya, yule adui mwenye jaha, ambaye mhusika mkuu, André-Louis Moreau, ameapa kumlipizia kisasi kwa kumwulia sahibu yake Mapinduzi ya Ufaransa yalipokaribia, adhihirika kuwa ni babaye mzazi. Katika filamu, ni nduguye. Ama pambano lao la panga, walilocheza Stewart Granger na Mel Ferrer ndani ya jumba la tamthilia, lapita dakika 6, nalo ni miongoni mwa marefu kabisa katika tarikhi ya sinema.