Kucha za jeli nyumbani: anza na taa, rangi baadaye

Dada zangu wengi mnaniuliza mnunue nini ili mpake jeli wenyewe nyumbani. Orodha ni fupi tu: msasa wa kucha, kijiti cha kusukumia ngozi, jeli ya chini, ya rangi na ya juu, asetoni, pamba, foili na taa.

Mimi nilianza vibaya jamani. Nilinunua rangi kibao, taa nikachukua ya bei chee. Juu jeli ilikauka, chini bado mbichi. Baada ya wiki chache vidole vikaanza kuwasha na kuvimba. Kumbe jeli mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kukuletea aleji, na ukishaipata kwa kawaida ni ya maisha. Kemikali za jamii hiyo zimo hata kwenye vifaa vya kuzibia meno!

Sasa fanya hivi: taa na jeli ziwe za kampuni moja, paka nyembamba, fuata sekunde zilizoandikwa. Ikigusa ngozi, futa kabla hujaingiza mkono kwenye taa. Kutoa ni pamba yenye asetoni na foili, dakika 10 hadi 15. Usibandue!

Haya, kazi kwenu.