TEKNOLOJIA: Jinsi msimbo unavyopekua masjala ya Windows, na mahali unapopotoka

KILA mwezi wa Juni unapofika ukingoni, maduka ya intaneti mjini Kisii, Nyamira, Keroka na Ogembo hupokea wananchi wanaokimbilia kuwasilisha ripoti za ushuru kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) kabla ya tarehe 30. Katika siku kama hizo, mwenye saiba ambaye tarakilishi yake moja imegoma huhesabu hasara kwa dakika. Fundi huitwa, naye aghalabu huwa na dawa moja tu: kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Barua za wateja, picha za pasipoti na programu ya mashine ya kuchapisha huenda na maji.

Ilhali mara nyingi kilichoharibika ni mstari mmoja tu ndani ya masjala ya Windows. Anayejua kuutafuta mstari huo kwa msimbo anaweza kuirejesha mashine kazini kabla foleni haijatawanyika. Hata hivyo, utafutaji wenyewe una mitego yake, na wengi wanaounakili msimbo kutoka mtandaoni huambiwa "hakuna kitu" ilhali kitu kipo.

Masjala hii ni hazina ambamo mfumo huo wa Microsoft huweka mipangilio yake: programu zipi zianze mashine inapowashwa, mtumiaji anapenda picha gani kwenye skrini, mashine ya kuchapisha iko wapi. Zamani kila programu ilikuwa na faili yake ya mipangilio, na faili hizo zilitapakaa kila pembe ya diski. Windows 3.1 ya mwaka 1992 ilikuwa na masjala ndogo, lakini ni Windows 95, iliyotolewa mwaka 1995, iliyoifanya kuwa kitovu cha mipangilio. Hadi Windows 11 ya leo, mpangilio wa msingi ni ule ule.

Wakazi wa Gusii wana mfano mzuri wa kuuelewa mpangilio huo, nao ni hatimiliki ya shamba. Nambari ya kipande cha ardhi huanza kwa jina la sehemu ya usajili, mathalani West Mugirango upande wa Nyamira au Nyaribari Chache upande wa Kisii. Hufuata eneo dogo lililo ndani ya sehemu hiyo, na mwishoni huja namba ya kipande chenyewe. Anayetaka kununua shamba huenda katika afisi ya ardhi akiwa na nambari hiyo, na karani hufanya upekuzi rasmi kwa kuielekea faili moja tu. Lakini akifika na kusema anatafuta "shamba la Momanyi", karani atalazimika kufungua kila faili, na atakutana na kina Momanyi wengi.

Masjala ya Windows imepangwa vivyo hivyo. Kinachoitwa ufunguo humo hakifungui mlango wowote; ni kama jalada linaloweza kubeba majalada mengine madogo ndani yake. Ndani ya ufunguo mna maingizo, na kila ingizo lina jina, aina na yaliyomo. Anwani kamili huandikwa kwa mkwaju wa kurudi nyuma kati ya jalada na jalada. Huu hapa ni ufunguo ambao kila fundi angepaswa kuujua kwa moyo, kwa kuwa hutaja programu zinazoanza zenyewe mtumiaji anapoingia:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run

Upo mwingine wenye anwani inayofanana, isipokuwa huanza kwa HKEY_CURRENT_USER. Wa kwanza ni wa mashine nzima, wa pili ni wa mtumiaji aliyeingia wakati huo. Mizizi mikuu iko mitano, ila hii miwili ndiyo inayomhusu fundi wa kawaida.

Kwa hivyo kuna kazi mbili tofauti, na msimbo mzuri hauzichanganyi. Kazi ya kwanza ni kufungua ufunguo ambao anwani yake inajulikana. Hiyo humalizika mara moja. Kazi ya pili ni kutafuta jina au neno ambalo hujui liko wapi. Hapo msimbo hauna budi kutembea: unafungua ufunguo, unauliza una watoto wangapi, unamwingia mtoto wa kwanza, unamuuliza wake, hadi mti mzima wenye maelfu kwa maelfu ya matawi umalizike. Windows yenyewe ina amri ya kufanya hivyo bila kuandika programu yoyote:

reg query HKLM\SOFTWARE /s /f "neno" /k

Alama ya /s inaiambia amri iteremke hadi matawi ya ndani, /f hutangulia neno linalotafutwa, na /k huifunga kwenye majina ya funguo pekee. Ukiweka /d badala ya /k, itatafuta katika yaliyomo ya maingizo. Herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa sawa. Katika lugha ya Python kazi hiyo hufanywa na moduli ya winreg, ambayo huwataja watoto wa ufunguo kwa namba kuanzia sifuri.

Je, mtu ahangaike na msimbo kwa nini, ilhali Windows ina dirisha la regedit lenye sehemu ya kutafuta? Jibu moja ni wingi: maabara ya shule yenye mashine arobaini haiwezi kupekuliwa kwa macho. Jibu la pili limetokana na miaka ya 2000, wakati virusi vilipokuwa vikisafiri kwa flashi kutoka saiba hadi saiba. Mteja alichomeka flashi yenye wasifu wake wa kazi, faili ya autorun ikafanya kazi bila kuulizwa, na jioni mashine zote zikawa zimeambukizwa. Kirusi cha Conficker, kilichozuka Novemba 2008, kilitumia njia hiyo pamoja na nyinginezo. Vingi vya virusi hivyo vilijiandika katika ufunguo wa Run, kisha vikaweka ingizo liitwalo DisableRegistryTools lenye thamani ya 1. Ingizo hilo huifungia regedit, na hata amri ya reg iliyotajwa hapo juu hukataa kufanya kazi. Lakini programu inayozungumza na masjala moja kwa moja haiulizwi chochote. Ndiyo maana mafundi wa wakati huo walitembea na skripti fupi za kulifuta ingizo hilo. Mwezi Februari 2011, Microsoft ilisambaza sasisho lililozima autorun ya flashi katika Windows XP na Vista, na uvamizi wa namna hiyo ukapungua.

Sasa tuje kwenye mitego.

Mtego unaowanasa wengi ni ule wa mtumiaji. Saiba ikiwa na akaunti ya wateja na akaunti ya mwenye duka, kirusi kilichoingia kupitia akaunti ya wateja huenda kikajiandika katika sehemu ya mtumiaji huyo pekee. Fundi huingia kwa akaunti ya mwenye duka, anapekua HKEY_CURRENT_USER, na haoni kitu. Haoni kwa sababu amepekua mipangilio ya mwenye duka. Ile ya wateja imelala katika faili ya NTUSER.DAT ndani ya folda ya akaunti yao, na mtumiaji asipokuwa ameingia, faili hiyo haimo katika masjala iliyo wazi. Ni sharti ipakiwe kwanza kwa amri ya reg load.

Mtego wa pili ni wa biti 32 na biti 64. Programu ya biti 32 ikiomba HKLM\SOFTWARE katika Windows ya biti 64, huelekezwa kimyakimya kwenye tawi jingine liitwalo WOW6432Node. Programu haijui kwamba imepelekwa kwingine, wala haipewi kosa. Aliyeweka Python ya zamani ya biti 32 anaweza kupekua siku nzima na asiuone ufunguo ambao regedit inauonyesha waziwazi. Dawa ni kutaja upande unaotakiwa: /reg:64 katika amri ya reg, au KEY_WOW64_64KEY katika winreg.

Kuna pia funguo zilizofungwa. Matawi ya SAM na SECURITY hayafunguki hata kwa msimamizi wa mashine. Ni mfumo wenyewe tu wenye ruhusa. Msimbo unaotembea ukifika hapo hupata kosa na, usipoandikwa vyema, husimama papo hapo huku nusu ya mti haijaguswa. Wengi hulitatua hilo kwa kunyamazisha makosa yote, jambo ambalo kwa maoni yangu ni baya zaidi, kwani msomaji wa matokeo hawezi tena kutofautisha "hakuna" na "nilikatazwa kuangalia". Afadhali msimbo uruke na kuandika orodha ya milango iliyogoma.

Kinyume chake, kuna vitu vinavyoonekana mara mbili. HKEY_CURRENT_USER ni njia ya mkato tu ya kufikia tawi lililo ndani ya HKEY_USERS, na CurrentControlSet nayo ni kiungo. Apekuaye mizizi yote mitano atahesabu ingizo moja kama mawili na kudhani virusi vimezaana.

Mfano mwingine unagusa suala zito la sasa. Windows 10 iliacha kupewa ulinzi wa kawaida wa bure tarehe 14 Oktoba 2025, na shule na afisi nyingi zinapaswa kujua ni mashine zao ngapi bado ziko nyuma. Fundi ataona ni rahisi kuandika skripti inayosoma ingizo la ProductName katika ufunguo wa HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion. Cha kushangaza ni kwamba mashine yenye Windows 11 nayo hujibu humo kuwa ni Windows 10. Linalosema kweli ni ingizo la CurrentBuild lililo katika ufunguo huo huo: 22000 au zaidi ni Windows 11. Shule ikiitegemea ProductName yaweza kutenga pesa za karo kununua mashine ambazo haikuzihitaji.

Baada ya kupata huja kufuta, na hapo ndipo mashine nyingi hufia. Karibu na funguo za Run kuna ufunguo wa Winlogon wenye ingizo liitwalo Userinit. Virusi hupenda kujipachika humo baada ya maneno halali. Fundi mwenye pupa akilifuta ingizo lote badala ya kuondoa kile kipande cha kirusi, mtumiaji ataandika nywila, ataingia, na papo hapo atatolewa nje, tena na tena. Amri ya reg export ikitumiwa kabla ya kugusa chochote, huacha nakala ya ufunguo husika katika faili ndogo.

Waandishi wa msimbo nao wajihadhari na kufuta huku wakihesabu. Watoto wa ufunguo wametajwa kwa namba. Ukimfuta wa sifuri, wa kwanza husogea na kuwa sifuri, nawe ukienda kwa namba moja umeshamruka. Ni kama foleni ya benki inayosonga huku karani akiita kwa kuhesabu vichwa. Majina yakusanywe yote kwanza katika orodha, ndipo ufutaji uanze.

Lililobaki ni la kisheria. Masjala hukumbuka mengi kuliko watu wanavyodhani. Tawi la USBSTOR, kwa mfano, huhifadhi aina na namba za flashi zilizowahi kuchomekwa katika mashine hiyo, na wapelelezi wa tarakilishi hulitumia. Mwalimu anayesimamia maabara anaweza kulisoma ili ajue kirusi kiliingia kwa flashi ipi. Lakini fundi aliyeletewa kipakatalishi cha mteja kwa ajili ya mashine ya kuchapisha tu hana idhini ya kupekua humo ajionee mteja amefungua nini. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inaharamisha kuingia katika mfumo wa mwingine bila idhini, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.