Kununua Jeti Ndogo Iliyotumika: Injini Kwanza, Bei Baadaye (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia safari zenyewe: nani anahitaji jeti hasa, na nani angetosheka na ndege ya propela. Leo tuingie hangari.

Tuchukue Citation II ya Cessna, jeti iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Zilizotumika bado zipo sokoni, na bei yake humvutia hata mfanyabiashara wa kati. Hapo ndipo wengi wanapoponzeka. Injini zake mbili, JT15D za Pratt & Whitney Canada, kwa kawaida hufanyiwa ukarabati mkubwa kila baada ya saa 3,500 za kuruka, na zikifika saa 1,750 sehemu yake ya moto hufunguliwa ikaguliwe. Ukiuziwa ndege ambayo injini zake zimekwisha kula saa 3,200, umenunua saa 300. Gharama ya kuzikarabati zote mbili yaweza kuzidi bei uliyolipia ndege nzima. Rangi mpya na viti vya ngozi havipunguzi hata senti moja ya deni hilo.

Kwa safari za ukanda wetu kuna hesabu ya pili. Diski zinazozunguka ndani ya injini hazihesabiwi umri kwa saa, bali kwa idadi ya safari, yaani kuwashwa, kupaa na kutua. Nairobi hadi Entebbe ni mwendo wa saa moja hivi. Anayeruka vipande vifupi namna hiyo humaliza uhai wa diski upesi kuliko mwenye safari za saa tatu tatu, hata kama saa zao za mwaka zinalingana. Kwa hiyo muulize muuzaji hesabu zote mbili.

Majibu yamo vitabuni. Kila diski lazima iwe na namba yake, tarehe iliyofungwa, na sahihi ya fundi mwenye leseni, mfululizo tangu ilipotoka kiwandani. Mfululizo huo ukikatika, diski ingawa nzima itabidi itupwe, kwani hakuna awezaye kuthibitisha imetumika kiasi gani. Ndege iliyopotelewa na vitabu mimi nisingeigusa, hata kwa nusu bei.

Halafu kuna jambo la anga. Tangu Septemba 2008, ndege inayoruka kati ya futi 29,000 na 41,000 barani Afrika hutakiwa kuwa na vipimo sahihi vya mwinuko na idhini ya nchi iliyoisajili. Citation kuukuu isiyo na idhini hiyo hubaki chini, kwenye hewa nzito, na huko injini hunywa mafuta kupita kiasi. Safari uliyodhani utaifanya bila kutua njiani huenda isiwezekane tena.

Ukaguzi wa kabla ya kununua uulipie wewe, kwenye karakana ambayo haijawahi kuihudumia ndege hiyo. Fundi apitishe kamera nyembamba ndani ya injini, atazame ncha za mapanga ya tabo kama zimeungua au kupasuka, nawe uzione picha mwenyewe. Na kama ndege imekaa miaka Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar, afungue sakafu atafute kutu ya chumvi. Muuzaji akikataa sakafu ifunguliwe, ondoka.

Juma lijalo: hati za umiliki na madeni yaliyofichika.