Mafuriko Hayasubiri Miaka 100

Hapa Garissa, kando ya Mto Tana, nasoma kina cha maji kwenye ubao wenye alama za sentimita. Kina peke yake hakitoshi. Lazima upime pia upana wa mto na kasi ya maji, ndipo upate mita za ujazo kwa sekunde. Na mchanga wa chini ukihama, unapima upya.

Kila mwaka tunachukua kilele kimoja cha mtiririko huo, tunapanga vilele vya miaka yote kwa ukubwa, kisha tunakadiria uwezekano wa mafuriko. Inaniuma watu wakisikia “mafuriko ya miaka 100” wakadhani yatawakuta wajukuu. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, mwaka huu ukiwemo. Ukiishi bondeni miaka 30, hatari ya kukutwa nayo angalau mara moja inafika takriban asilimia 26.