Baiskeli Isiyoweza Kuupita Mwanga

Wingu likitanda juu ya mlima Wanale, watoto wa Namakwekwe hutulia wakasubiri. Umeme unamulika, mlima wote unaonekana. Unahesabu moja, mbili, tatu... Ukifika tisa, ngurumo inatikisa mabati. Basi umeme ulipiga kama kilomita 3 kutoka ulipo, maana sauti hutumia karibu sekunde 3 kwa kila kilomita moja. Na mwanga? Sekunde moja, kilomita 300,000!

"Mjomba, hakuna kitu kinachoweza kuupita?"

Swali tamu hilo, mpwa wangu! Sogea karibu. Albert Einstein naye alipokuwa na miaka 16 alijiuliza: nikiukimbiza mwanga nikaufikia, nitaona nini? Aliendelea kuuliza, na mwaka 1905 akapata jibu: hutaufikia kamwe.

Umewaona wanaosukuma baiskeli za matoke barabarani? Sasa fikiria baiskeli ya ajabu. Kila ukiisukuma, mkungu mmoja unaongezeka nyuma. Mwanzoni huoni tofauti, baiskeli inakwenda tu. Lakini ukikaribia mwendo wa mwanga, kazi inakuwa kazi. Sukuma, mkungu. Sukuma, mkungu. Nguvu zako zinaishia kwenye mzigo, mwendo hauongezeki ila kidogo sana. Kuufikia mwanga kungetaka nguvu zisizo na mwisho. Nani anazo? Hata jua halina.

"Na tukisukuma shule nzima?"

Wakubwa wamejaribu! Karibu na mji wa Geneva kuna mtambo wa CERN, bomba la duara lenye urefu wa kilomita 27, chini ya ardhi. Humo husukumwa protoni, vipande vidogo kuliko chochote utakachokiona kwa macho. Protoni moja huzunguka bomba lile zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde. Inaingia ikiwa tayari na mwendo karibu sawa na wa mwanga. Kisha wanaisukuma mpaka nguvu zake zinakuwa mara 15. Sukuma, mkungu! Unajua mwendo wake umeongezeka kiasi gani? Haukuongezeka hata kwa kilomita moja kwa sekunde. Nguvu zote zile! Mimi jambo hili hunishangaza kila ninapolisimulia.

"Mbona mwanga wenyewe unaweza?"

Tuuulize. Mwanga ukasema: "Mimi sina mkungu hata mmoja. Sina uzito. Sikuanza polepole nikaongeza mwendo. Penye nafasi tupu, tangu nizaliwe nakimbia hivi hivi."

"Na setelaiti ya Uganda je?"

Ah, umeikumbuka! PearlAfricaSat-1 ilirushwa Novemba 2022, kazi ya vijana wetu watatu waliokwenda kusomea Japani. Ilizunguka dunia kwa mwendo wa karibu kilomita 8 kwa sekunde. Mbio kweli kweli, lakini mwanga uliizidi zaidi ya mara 37,000.

"Basi habari, Mjomba? Habari haina uzito. Haiwezi kuupita?"

Hapo umeniuliza swali la wakubwa! Haiwezi, hata habari. Mwanga wa jua hutufikia baada ya dakika 8 na sekunde 20 hivi. Jua lingetoweka sasa hivi, tungeendelea kuanika nguo uani. Na dunia ingeendelea kulizunguka pale lilipokuwa, kwa dakika zile zile 8, kwa sababu mvuto wa jua nao husafiri kwa mwendo wa mwanga.