Kumpa mtoto nyumba leo, au kumwachia kesho?

Tuseme mama ana nyumba Kisauni, Mombasa. Kiwanja alikinunua zamani na nyumba akaijenga kidogo kidogo, na kwa jumla alitumia shilingi milioni 2. Leo mthamini akiipima, anasema ina thamani ya milioni 10. Mama anataka binti yake aimiliki. Majirani wanamshauri abadilishe jina kwenye hatimiliki mapema, kwa kuwa "urithi una kodi kubwa". Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini hesabu zake zina kasoro. Tuzipige upya, kwa sheria za Kenya.

Kodi mbili zinazochanganywa

Ya kwanza ni ushuru wa stempu. Hulipwa na anayepokea mali: asilimia 4 ya thamani mjini, asilimia 2 mashambani. Thamani hiyo hupimwa na mthamini wa serikali, si kwa bei waliyokubaliana wenyewe.

Ya pili ni kodi ya faida ya mtaji, na mzigo wake ni wa anayetoa mali. Hukatwa kwenye faida tu, yaani thamani ya leo ukitoa gharama za kununua na kujenga. Ilirejeshwa Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15.

Kodi ya urithi yenyewe Kenya haina. Ushuru wa mali ya marehemu ulifutwa mwaka 1982.

Njia ya kwanza: zawadi mama akiwa hai

Kwa nyumba yetu ya mfano, binti atalipa ushuru wa stempu wa shilingi 400,000. Msamaha wa stempu wanaoupata mume na mke wanapohamishiana mali haumfikii mtoto. Kodi ya faida hapa haidaiwi, kwa kuwa sheria haihesabu kuhamishia mali familia ya karibu, watoto wakiwemo, kuwa ni mauzo yanayotozwa kodi hiyo. Kuna tahadhari moja. Kwa marekebisho ya mwaka 2023, binti akiiuza nyumba kabla ya miaka 5 kupita, faida yake itahesabiwa kuanzia zile milioni 2 za mama, si kuanzia milioni 10.

Juu ya stempu kuna ada ya wakili, usajili, na kumaliza madeni yote ya kodi ya ardhi ya kaunti kabla ya kupata cheti cha kutodaiwa. Ikiwa mume yuko hai na nyumba ni ya ndoa, ridhaa yake ya maandishi inahitajika. Ikiwa ni shamba, kuna idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, na bila idhini hiyo uhamisho ni batili hata kama ni zawadi. Nafuu ya shamba ni kiwango cha stempu: boma la milioni 4 kijijini hulipiwa 80,000.

Njia ya pili: kuuza

Wengine huandika mkataba wa mauzo kwa bei ya kubahatisha, tuseme shilingi 100,000, wakidhani stempu itapungua. Haipungui. Bei isiyolingana na mali huifanya sheria iyatazame mauzo hayo kama zawadi, na mthamini hurudi kwenye milioni 10. Familia inabaki na karatasi inayosema uongo, na siku ndugu wakigombana, karatasi hiyo hiyo ndiyo itakayopelekwa mahakamani.

Mama akimuuzia mtu baki kwa milioni 10 ili ampe binti fedha, faida ni milioni 8 na kodi yake shilingi milioni 1.2. Lakini kama mama mwenyewe ameishi humo mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuuza, kodi hiyo anasamehewa. Nyumba ya kupangisha haina msamaha huo.

Njia ya tatu: kuongeza jina la binti

Wengi huamini kwamba majina mawili kwenye hati yanamaanisha mmoja akifa mwenzake anachukua yote. Kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, umiliki wa namna hiyo ni wa mume na mke. Wengine wanahitaji ruhusa ya mahakama. Mama na binti watamiliki kwa mafungu. Binti akipewa nusu, atalipa stempu ya 200,000 kwa nusu hiyo, na nusu ya mama bado itapitia mirathi. Faida yake ni kwamba nyumba haiwezi kuuzwa yote bila saini ya mama.

Njia ya nne: urithi

Hapa stempu ya asilimia 4 haipo, na nyumba inapotoka kwa msimamizi wa mirathi kwenda kwa mrithi, kodi ya faida haidaiwi. Warithi wakiamua kuiuza wagawane fedha, msamaha una muda wake: mauzo yakamilike ndani ya miaka 2 tangu kifo, au muda ambao Kamishna wa ushuru ameuongeza kwa maandishi.

Gharama ya urithi ni muda na mahakama. Kuna barua ya chifu, tangazo la siku 30 kwenye Gazeti Rasmi, kisha kwa kawaida miezi 6 kabla ya hati ya usimamizi kuthibitishwa. Hapo ni kama hakuna anayepinga. Akitokea wa kupinga, ada za mawakili zinaweza kuipita ile 400,000 kwa mbali.

Kwa Waislamu

Wosia wa Mwislamu hauzidi theluthi moja ya mali, wala haufanywi kwa mrithi bila ridhaa ya warithi wengine. Mama anayetaka binti apate nyumba nzima hawezi kutegemea wosia. Njia yake ni hiba akiwa hai: atamke kutoa, binti akubali, kisha akabidhiwe nyumba kweli. Usajili wa hati na stempu yake viko pale pale. Na mafundisho ya kuwatendea watoto kwa usawa katika zawadi yanamtaka azungumze na watoto wake wote kwanza.

Kwa asiye Mwislamu pia, zawadi haifichiki. Mzazi akifa bila wosia, mali aliyompa mtoto akiwa hai huhesabiwa katika fungu la mtoto huyo.

Hesabu kwa ufupi, nyumba ya milioni 10 mjini

• Zawadi: stempu 400,000, kodi ya faida hakuna.
• Kumuuzia mtu baki: kodi ya faida milioni 1.2, au sifuri kama mama ameishi humo miaka 3.
• Nusu kwa nusu: stempu 200,000 sasa, mirathi baadaye.
• Urithi: stempu ya asilimia 4 hakuna, gharama ni mahakama, wakili na subira.

Ushauri wangu

Kati ya njia zinazomfikishia binti nyumba yenyewe, basi, urithi ndio wenye kodi ndogo kuliko zote. Ile 400,000 ya zawadi si ya kukwepa kodi. Ni bei ya uhakika, na mama ajiulize kama uhakika huo anauhitaji na ni nani atakayefaidika nao.

Zawadi ikishasajiliwa hairudi. Binti anaweza kuiweka hati rehani benki. Akikwama na mkopo, nyumba inapigwa mnada mama akiwa ndani. Binti akitangulia kufa, nyumba inakwenda kwa warithi wake yeye. Hakuna ubaya wa moyo unaohitajika. Bahati mbaya moja inatosha.

Kwa hiyo, kama mama ana paa jingine au kipato kingine, na watoto wote wamekaa kikao wakakubaliana, zawadi ina maana na stempu yake ni halali kulipwa. Kama nyumba ni hiyo moja tu, abaki na hati. Akipenda atoe fungu, na awe na wosia ulioandikwa vizuri na kushuhudiwa, kwa kadiri dini na sheria yake inavyoruhusu. Watoto wataweza kuvumilia miezi kadhaa ya mahakama. Mzee wa miaka 75 asifikishwe mahali pa kuomba ruhusa ya kulala katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.